Hiyo Pile Haina Kosa

Swali lilelile limerudi, safari hii kutoka kwa kijana wa Lukafu anayeunda kengele ya shule kwa Arduino na chipu ya saa ya DS1307: "Mara mojamoja saa inarudi nyuma saa nzima, halafu inajirekebisha. Ninunue pile gani?"

Usinunue. Pile yake, CR2032, ina kazi moja tu, kuilinda saa umeme wa SNEL unapokatika. Umeme ukiwapo, chipu inatumia umeme wa mashine na pile imepumzika. Sasa niambieni, pile iliyopumzika inakuibiaje dakika 60 kamili na kukurudishia papo hapo? Pile iliyokufa inasimamisha saa au inapoteza tarehe, basi. Na hao wanaowashauri kuianika juani wanawachezea.

Kosa limo katika kiendeshi, ile programu inayosoma chipu. Saa, dakika na sekunde zinakaa katika rejista tofauti, na kiendeshi kizembe kinazisoma mojamoja. Tuseme ni 09:59:59. Kinachukua 09. Kabla hakijafikia dakika, chipu inageuka 10:00:00. Kinaokota 00, kisha 00, na bila aibu kinatangaza 09:00:00. Ukianza na sekunde unapata kichekesho kingine, 10:59:59. Dirisha lenyewe ni jembamba mno, ndiyo maana ukikaa kulivizia kosa halitokei. Ugonjwa huu ni wa zamani: IBM PC AT ya 1984, yenye chipu ya Motorola MC146818, ilihitaji tahadhari hiyohiyo.

Dawa? Kwa DS1307, soma rejista zote saba kwa mkupuo mmoja wa I2C. Chipu inakupa nakala iliyotulia. Kwa MC146818, angalia biti ya UIP, ishara kwamba saa inajibadilisha, kabla na baada ya kusoma. Ukiikuta imewaka, anza upya. Dalili nyingine zina sababu nyingine. Kompyuta iko nyuma saa moja siku zote? Umeichagulia saa za Kinshasa badala ya za kwetu. Inapotea saa mbili kila ukitoka Linux kwenda Windows? Linux inaandika UTC, Windows inadhani ni saa za hapa. Zipatanishe kwa amri hii katika Linux: timedatectl set-local-rtc 1. Inachelewa sekunde moja au mbili kwa siku? Ni kristali ya bei rahisi; chukua DS3231, ila kiendeshi kibovu kitaiharibia nayo. Tarehe inarudi 2000 kila umeme ukikatika? Haya, hapo nunua pile.