Kabla ya Kununua Kiwanja Bondeni: Sheria Inasema Nini Kuhusu Ardhioevu

Kila kiangazi, mabonde ya miji yetu yanapokauka, viwanja vyake huanza kuuzwa. Matete yamefyekwa, udongo umekuwa mgumu, na kijito kilichofurika mwezi Aprili kimebaki kimfereji ambacho mtoto hukiruka bila kulowa. Bei ni nafuu, na muuzaji anayo hati ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Kwa familia iliyopanga chumba kimoja kwa miaka mingi, hiyo huonekana kuwa fursa isiyopaswa kuachwa. Kwa sababu hiyo tumeona vema kueleza sheria za Tanzania kuhusu kujenga katika ardhioevu na kandokando ya maji, kwa kuwa hasara ya kutozijua aghalabu huwaangukia wenye kipato kidogo.

Ardhioevu ni mahali ambapo maji husimama, au hukaa karibu na uso wa udongo, kwa mwaka mzima au kwa msimu tu: vinamasi, mikoko, tambarare ambako mto hutanda unapofurika. Mnamo mwaka 2000 Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Ramsar, unaolinda maeneo ya namna hiyo, na Bonde la Kilombero na Ziwa Natron ni miongoni mwa yaliyoorodheshwa humo. Hata hivyo, kibonde kidogo nyuma ya soko hufanya kazi ileile bila kibao chochote. Hupokea maji ya mvua, huyapunguza kasi, na kuyaachia polepole. Anayejaza kifusi ili kuinua kiwanja chake hayaondoi maji hayo. Huyasukuma kwa jirani. Choo cha shimo kilichochimbwa mahali ambapo maji yako karibu na uso wa ardhi huchafua visima vya mtaa mzima, na kipindupindu hakimchagui aliyejenga.

Sheria mbili ndizo za msingi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kifungu cha 7, inaeleza ardhi hatarishi, yaani ile ambayo kuiendeleza kunaweza kuhatarisha maisha au kuharibu mazingira, na Waziri amepewa mamlaka ya kuitangaza rasmi. Miongoni mwa mifano inayotajwa humo ni mikoko, ardhioevu, na eneo lililo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa au bahari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, nayo inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 hizo. Nyumba ya matofali ni shughuli ya kudumu, bila shaka yoyote.

Hapa ndipo wengi hupotoka. Mnunuzi huchukua kamba, hupima mita 60 kutoka kwenye maji anayoyaona mwezi Septemba, kisha huridhika. Lakini sheria hutaja ukingo wa mto, wala si maji ya kiangazi. Zaidi ya hayo, ardhioevu imetajwa peke yake, mbali na kipimo cha mita 60. Mtu anaweza kuwa mita 200 kutoka mtoni na bado akawa amesimama katikati ya kinamasi.

Kosa jingine ni kuchanganya karatasi. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unashuhudia kwamba watu wawili wameuziana. Haubadilishi matumizi ya ardhi. Leseni ya makazi, kwa mujibu wa kifungu cha 23 cha Sheria ya Ardhi, hutolewa katika maeneo yasiyo hatarishi. Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri, na mijini hakuna ruhusa ya kuanza msingi bila kibali hicho. Kuwashiwa umeme hakuhalalishi kiwanja. Hata hivyo, tunaona si haki kwamba mamlaka zinazofikisha huduma na kupokea kodi kwa miaka mingi hurudi siku moja na rangi nyekundu kuchora alama ya X ukutani, kana kwamba nyumba ile ilichipuka usiku.

Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam ni mfano ulio wazi. Mto huo hutoka katika vilima vya Pugu na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Watu walijenga humo kizazi baada ya kizazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na baadhi ya familia zikahamishiwa Mabwepande, mbali na kazi na biashara zao. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 2016 nyumba nyingi bondeni zilikuwa zimebomolewa. Wenye nyumba waliachwa na madeni ya saruji iliyokuwa imeshageuka kifusi.

Jambo hili linazigusa parokia vilevile. Muumini mkarimu akitoa eneo bondeni kwa ajili ya kanisa la kigango, shukrani zitangulie, lakini ukaguzi ufuate kabla ya harambee.

Anayetaka kununua aende kwanza halmashauri, amwone afisa mipango miji ili aonyeshwe ramani ya eneo, kisha amwombe afisa mazingira afike kiwanjani. Ayafanye haya kabla ya kulipa hata malipo ya awali, kwa sababu fedha iliyokwisha kutolewa ni vigumu kurudishwa. Pia awaulize wazee wa mtaa, pasipo muuzaji kuwapo, maji ya masika yaliyopita yalifika wapi. Watamwonyesha alama ukutani.