Rupia ya Mjerumani ina thamani, lakini si ya mamilioni

MKULIMA anayelima Gairo, karibu na njia za zamani za misafara, anaweza kuinua jembe na kukuta kitu cha mviringo kilichopiga weusi. Akikifuta udongo, anaona kichwa cha mwanamume mwenye sharubu, amevaa kofia ya chuma yenye sanamu ya tai. Hiyo ni rupia ya Mjerumani, na huyo ni Kaisari Wilhelm wa Pili. Habari zikienea kijijini, haipiti muda atatokea dalali mwenye namba ya simu ya "tajiri" aliye Dar es Salaam.

Si ajabu sarafu hizo kuonekana huku. Gairo, iliyokuwa sehemu ya Kilosa hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2012, iko kwenye barabara ya Morogoro kwenda Dodoma. Katika karne ya 19 misafara kutoka pwani ilipita Ukaguru, kwa njia ya Mamboya, kuelekea Mpwapwa. Baadaye Wajerumani walileta kodi ya nyumba, ambayo vijijini ilikuwa rupia 3 kwa nyumba. Mtu asiyekuwa na rupia alilazimika kuitafuta, ama kwa kuuza nafaka na mifugo, ama kwa kwenda kufanya kibarua. Kazi haikukosekana, maana Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914.

Mwanzoni rupia moja ilikuwa na pesa 64. Mwaka 1904 ikagawanywa upya kuwa heller 100, na hapo ndipo lilipotoka neno "hela" tunalolitumia mpaka leo.

Je, ina thamani gani? Rupia moja ina uzito wa gramu 11.66, na asilimia 91.7 ya uzito huo ni madini ya fedha. Kwa maneno mengine, ndani yake mna karibu gramu 10.7 za fedha tupu, yaani zaidi kidogo ya theluthi moja ya wakia inayotumika katika soko la dunia. Tuchukue mfano wa wakia kuuzwa dola 30 za Marekani: madini ya rupia moja yatakuwa na thamani ya dola 10 hivi. Bei hiyo haitulii. Januari 1980 wakia ilikaribia dola 50, mwaka 2001 ikaanguka hadi dola 4 na ushei, na mwaka 2025 ikavuka tena dola 50.

Juu ya thamani ya madini kuna bei ya wakusanyaji, na hapa ndipo wengi wanapojiharibia. Mkusanyaji hununua uchache na hali ya sarafu. Rupia zilitengenezwa kwa miaka mingi kati ya 1890 na 1914, kwa hiyo zile za kawaida zilizolika si adimu. Sarafu ya rupia 2, ya mwaka 1893 au 1894, ni jambo jingine, kwa kuwa zilitengenezwa chache. Anayeisugua sarafu kwa mchanga, majivu au dawa ya meno ili ing'ae anaondoa kile ambacho mkusanyaji angekilipia. Iliyotobolewa kuwa kidani nayo hushuka bei.

Wapo wakusanyaji wasiojali hata kama sarafu haijawahi kuingia dukani. Hununua za fedha zenye picha za wanyama na majengo, na hata za magereza ya kale ya visiwani kama Alcatraz ya Marekani, lililofungwa mwaka 1963. Tanzania nayo ilitoa za aina hiyo mwaka 1974: shilingi 25 yenye twiga na shilingi 50 yenye kifaru. Mtu akiletewa moja asidhani ni bandia kwa sababu tu hajapata kuiona sokoni.

Mamilioni ya dalali yanatoka wapi, basi? Yanatoka kwenye hadithi ya "zebaki nyekundu", kitu ambacho hakijathibitishwa kuwapo, kinachodaiwa kufichwa ndani ya rupia za miaka fulani. Utapeli wake unajulikana: mnunuzi yuko tayari, ila kwanza mwenye sarafu alipe "ada ya kipimo", kisha nauli ya mtaalamu, kisha kibali. Fedha ya magunia ya mahindi au alizeti huishia hapo. Mnunuzi wa kweli huipima sarafu kwa gharama yake mwenyewe.

Kipimo cha kwanza mtu anaweza kukifanya nyumbani. Sumaku ikiinasa, si fedha. Isipoinasa bado haijathibitika, kwani shaba nayo hainaswi, hivyo ipelekwe kwenye mizani ya sonara. Ikikosa gramu 11 na haijalika, kuna walakini. Shilingi za Afrika Mashariki zenye simba, za kuanzia 1921 hadi 1946, nazo zina fedha, ila robo tu.

Kuhusu sheria, ile ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Rupia haifikii umri huo. Reale ya Maria Theresa, yenye gramu 28, ndiyo ya kuangaliwa: siku zote huandikwa 1780, hata iliyotengenezwa karne ya 20. Anayeifukua shambani aripoti ofisi ya wilaya kabla ya kuzungumza bei na mtu yeyote.