Deni la Shilingi Elfu Mbili na Nyumba ya Mtwapa

Paukwa! Pakawa!

Palikuwa na kijana, fundi wa umeme wa Likoni, mchapakazi na mtu wa watu. Alipopata kitambulisho tu, alikopa shilingi 2,000 kwa simu. Mikopo hiyo ilikuwa imeenea mno: huduma ya M-Shwari ilianza mwaka 2012, na nyingine zikafuata. Huna haja ya mdhamini wala foleni ya benki. Wabonyeza, pesa yaingia. Fundi akazitumia. Kisha laini yake ikapotea, akasajili nyingine, na deni likamtoka akilini. Hakujua kwamba mkopo ule uliandikwa kwa nambari ya kitambulisho chake, na kitambulisho hakibadiliki kama laini.

Miaka ikapita. Fundi akaoa, akapata mtoto, akachoka kulipa kodi ya nyumba kila mwezi. Akaona nyumba ya vyumba viwili Mtwapa, bei shilingi milioni 3.5. Alikuwa ameweka akiba ya nusu milioni, basi akaenda benki kuomba milioni 3 zilizobaki.

"Shikamoo, mama," akamwamkia afisa wa mikopo.

"Marahaba, mwanangu. Karibu uketi."

Mama akaingiza nambari ya kitambulisho kwenye kompyuta, akanyamaza kidogo. "Mwanangu, umewekwa CRB. Kuna deni la simu hukulimaliza. Kwa hali hii ombi lako halitapita."

Fundi akaduwaa. Elfu mbili zizuie milioni tatu?

Hapa tutue kidogo, wajukuu zangu, mjue hiyo CRB ni nini. Mwenye duka mtaani ana daftari la madeni: nani alichukua unga, nani alilipa, nani anakwepa kupita mbele ya duka. CRB ni daftari hilo, ila hili husomwa na wakopeshaji wa nchi nzima. Kenya ina kampuni zilizopewa leseni ya kazi hiyo na Benki Kuu, kama vile TransUnion, Metropol na Creditinfo. Humo huandikwa ubaya na uzuri pia, kwa hiyo anayelipa kwa wakati naye anajengewa jina. Metropol humpa kila mtu alama kati ya 200 na 900, na alama iliyo chini ya 400 huonyesha kwamba mtu ameshindwa kulipa.

Najua swali mlilo nalo. Mkopo wa nyumba una rehani: nyumba yenyewe ndiyo dhamana, na jina la benki huandikishwa kwenye hati ya umiliki mpaka deni liishe. Usipolipa, benki yaweza kuinadi. Mbona basi iogope?

Inaogopa kwa sababu mnada huchukua muda mrefu, huleta kesi mahakamani, na mara nyingi bei inayopatikana ni ndogo. Benki inataka malipo ya kila mwezi kwa miaka 15 au 20. Haina haja na nyumba yenyewe. Kwa hiyo inatazama tabia yako kuliko inavyotazama kuta na bati. Aliyeacha deni dogo bila hata kupiga simu kueleza shida yake, benki inajiuliza atafanya nini mvua ikikatiza kazi miezi miwili.

Jina baya lina bei hata pale linapokubaliwa. Ukomo wa riba uliowekwa kwa sheria mwaka 2016 ulifutwa 2019, na sasa benki hupanga riba kwa kuangalia hatari ya kila mkopaji. Chukueni kalamu. Milioni 3 kwa miaka 20, kwa riba ya asilimia 9.5, ni kama shilingi 28,000 kwa mwezi. Kwa riba ya asilimia 15, ni kama 39,500. Tofauti ya mwezi mmoja ni karibu 11,500. Izidisheni kwa miezi 240, mtapata zaidi ya milioni 2.7. Mkopaji wa riba kubwa hulipa zaidi ya robo tatu ya nyumba nyingine, na nyumba hiyo haitamlaza mtu.

Fundi alipotoka benki, mtu akamfuata hadi kituo cha matatu. "Nipe 10,000, nikufutie jina CRB leo hii." Wajukuu zangu, huyo ni tapeli. Taarifa iliyo sahihi haifutwi kwa chai ya mtu. Mwenye uwezo wa kuirekebisha ni mkopeshaji aliyeipeleka, au CRB yenyewe ikithibitika ni makosa. Fundi akamkataa. Akawakataa na mashailoki, wale wanaokopesha bila kuuliza habari zako, kisha wakabeba televisheni na pikipiki.

Akaomba ripoti yake ya mikopo. Hii ni haki: kila Mkenya anaweza kupata nakala moja bure kila mwaka. Akakuta madeni mawili. La kwanza lilikuwa lake, zile elfu mbili zilizoongezeka kwa riba. Benki haziruhusiwi kutoza riba bila mwisho. Deni likishaharibika, riba inayoongezwa haiwezi kuzidi mkopo wenyewe uliokuwa unadaiwa siku hiyo. La pili alikuwa amelilipa zamani, ila mkopeshaji hakupeleka habari. Fundi akalipa la kwanza na kudai barua ya kuthibitisha. Kwa la pili akaandika malalamiko kwa CRB, akaambatisha risiti, nalo likasahihishwa.

Je, jina likatakata siku ileile? La. Hilo deni la kwanza sasa lilisomeka kuwa limelipwa, lakini kumbukumbu ya kuchelewa hubaki miaka mitano tangu siku ya kulimaliza. Hata hivyo, Benki Kuu imesema kwamba kuwekwa CRB kusiwe sababu pekee ya kumnyima mtu mkopo. Kosa lililolipwa, likifuatwa na miaka ya malipo mazuri, linasomeka tofauti kabisa na kosa lililotelekezwa.

Basi fundi akaanza kuijaza hiyo miaka. Akajiunga na SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, akaweka akiba kila mwezi, mapato mengi au machache. Akakopa kidogo kununua vifaa vya kazi, wanachama wenzake wakamdhamini, akalipa bila kuchelewa hata mara moja. Akapitisha malipo ya wateja kwenye akaunti, ili kipato chake kionekane kwa maandishi. Akaendelea kuongeza malipo ya awali, maana kadiri unavyoweka chako kingi, ndivyo mkopeshaji anavyopunguza woga.

Mwaka wa nne akaomba tena, safari hii kupitia SACCO yake. Kuna kampuni iitwayo KMRC, iliyoundwa mwaka 2018, ambayo huzipa benki na SACCO fedha za muda mrefu kwa riba nafuu, ili nazo zikopeshe wenye kipato cha kawaida kwa riba iliyo chini ya asilimia 10. Fundi akapata mkopo kwa njia hiyo, akanunua nyumba Mtwapa.

Wako wengi waliokwama kama yeye. Mwezi Novemba 2022, Benki Kuu ilipotangaza mpango wa benki kusamehe nusu ya madeni ya simu yaliyoharibika, waliolengwa walikuwa zaidi ya watu milioni 4. Wengi wao ni vijana walioingia kwenye daftari kabla hawajajua kwamba lipo.

Ninyi sasa mnajua. Mkifika miaka 18, mkope pale tu mnapojua pesa ya kulipa itatoka wapi. Mkikwama, mwendeeni mkopeshaji mapema, kabla tarehe haijapita, mpange upya malipo. Someni ripoti zenu kila mwaka, hata kama hamdaiwi. Na mzazi au kaka akirudi nyumbani kwa aibu kwamba amewekwa CRB, msimcheke. Ketini naye, mwombeni ripoti yake, na anzeni na deni dogo kuliko yote.