Mimweko ya Mbinguni na Jiko la Duniani

Katika mambo yawezayo kumfunza kijana adabu ya kutafuta ilimu, ni machache yaliyo bora kuliko habari ya mimweko ya mbinguni. Mimweko hiyo haionekani kwa jicho, nayo ni ya namna mbili. Ya kwanza huja kwa miale ya gama, yenye nguvu kupita ile itumiwayo hospitalini kupigia picha za mifupa. Ya pili huja kwa mawimbi ya redio, ndugu wa yale yatuleteayo sauti majumbani mwetu.

Namna ya kwanza iligunduliwa na watu waliokuwa wakitafuta jambo jingine kabisa. Mwaka 1963 Marekani, Urusi na Uingereza zilipatana kutofanya majaribio ya mabomu ya atomiki hewani, chini ya maji, wala katika anga za juu. Kwa kuwa bomu hilo hutoa miale ya gama, Marekani ilirusha vyombo vilivyoitwa Vela ili kuyachunga mapatano hayo. Tarehe 2 Julai 1967 vyombo hivyo vikanasa mmweko. Fikirini hatari iliyokuwapo: lau mtu mwenye pupa angalitangaza kwamba ahadi imevunjwa, nani ajuaye yale ambayo yangalifuata? Lakini walioshika kazi hiyo hawakufanya haraka. Waliona kwamba mmweko ule haukufanana na wa bomu. Wakakusanya mingine, wakalinganisha wakati ambao kila chombo kiliunasa, na kwa tofauti hiyo wakajua kwamba haikutoka duniani wala kwenye jua. Mwaka 1973 Ray Klebesadel na wenziwe wakatangaza habari za mimweko 16.

Asili yake ilijulikana polepole. Mwaka 1997, kwa msaada wa chombo cha Waitaliano na Waholanzi kiitwacho BeppoSAX, wataalamu wa falaki waliona nuru iliyobaki nyuma ya mmweko, wakapima umbali wake. Wakakuta kwamba nuru hiyo ilisafiri mabilioni ya miaka hata kutufikia, hali nuru hukata kilometa zipatazo 300,000 kwa sekunde moja! Leo yajulikana kwamba mimweko izidiyo sekunde 2 aghalabu hutokana na kufa kwa nyota kubwa mno, ambayo kiini chake huporomoka. Mifupi aghalabu hutokana na kugongana kwa nyota za nutroni, yaani mabaki ya nyota zilizokufa, yenye uzito kulishinda jua letu lakini upana wake hauzidi mji mmoja. Tarehe 17 Agosti 2017 mitambo ya LIGO na Virgo ilihisi mtikisiko wa nyota mbili kama hizo, na baada ya sekunde 1.7 mmweko wa gama ukafika.

Ama namna ya pili, mwaka 2007 Duncan Lorimer na wenziwe walitangaza mmweko wa redio ulionaswa mwaka 2001 kwa darubini ya Parkes, huko Australia. Haukudumu hata sehemu 5 za elfu ya sekunde. Mawimbi yake mafupi yalitangulia, marefu yakachelewa, nayo ni dalili ya kusafiri mbali baina ya nyota. Lakini darubini ile ile ilinasa mimweko mingine iliyofanana na huo, nayo ikija mchana, saa za watu kula. Mwaka 2015 Emily Petroff, aliyekuwa mwanafunzi bado, aliigundua siri pamoja na wenziwe: ilikuwa ni jiko la maikrowevu la kituoni hapo. Mwenye njaa alipofungua mlango kabla jiko halijamaliza kazi yake, mawimbi yalichopoka yakanaswa.

Nilipopata habari hiyo niliwaambia wanafunzi wangu, huku nikicheka, kwamba mimweko yote ya redio ni mambo ya jikoni. Kijana mmoja akauliza kwa adabu, "Maalimu, na ule wa kwanza nao ulitoka jikoni?" Sikuwa na jibu. Badala ya kukiri, nilimkemea.

Kumbe swali lake ndilo lililokuwa la haki. Darubini ile ilikuwa na masikio 13. Mimweko ya jiko iliingia katika yote kwa mara moja, bali ule wa mwaka 2001 uliingia katika machache tu, kama kitu kitokacho pahali pamoja mbinguni. Na tarehe 28 Aprili 2020 mitambo ya Kanada na Marekani ilinasa mmweko wa redio kutoka kwa nyota ya nutroni yenye nguvu kubwa mno za sumaku, iliyomo katika jamii ya nyota zetu wenyewe. Haijathibitika kwamba mimweko yote ya redio ina asili hiyo, lakini mmoja umeshuhudiwa.

Kijana yule sasa ni baba wa watoto. Nilimwalika darasani, nikamwomba radhi mbele ya wanafunzi. Nanyi wazazi, mtoto akiwauliza msilolijua, mwambieni, "Silijui, mwanangu, na tulitafute." Wale wa Vela hawakuona haya kungoja miaka kabla ya kusema, na yule mwanafunzi wa Parkes hakuona haya kuchungulia jikoni.