Usiandike "almasi" kama hujui almasi inatoka wapi

Leo nawapa kisa kilichonigharimu mimi, ili nyie kisiwagharimu.

Mwaka jana nilichukua pete Kariakoo. Boksi limeandikwa kwa Kizungu kuwa ni almasi, nami nikaamini. Nikaposti: "Pete za almasi, 25,000 tu, mikoani tunatuma." Kaka mmoja wa Makambako akanunua ya kumvisha mchumba wake. Nikaipakia kwenye basi hapa Njombe, jioni akawa nayo. Kesho yake akapiga: "Dada, sonara kasema hii siyo almasi. Na ukweni nilishasema ni almasi." Nilikosa jibu. Nikamrudishia hela yote.

Ndipo nikakaa chini kusoma.

Almasi ya Tanzania inatoka hasa Mwadui, mkoani Shinyanga. Mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aliigundua pale mwaka 1940. Jiwe lenyewe hutengenezwa zaidi ya kilomita 100 chini ya ardhi, kwa joto na mgandamizo mkubwa. Volkano za kale ndizo zilizolipandisha juu, likiwa ndani ya mwamba uitwao kimbalaiti. Mwadui wanachimba shimo la wazi. Mwamba unabebwa, unapondwa, unaoshwa, mawe mazito yanachujwa, mwisho almasi inachambuliwa.

Sasa piga hesabu. Tani 100 za mwamba wa pale hutoa karati zisizofika 10, na karati 1 ni gramu 0.2. Yaani malori 10 ya tani kumi kumi, kama yale yanayopaki Makambako, unapata chini ya gramu 2! Kitu cha kutafutwa hivyo kitauzwaje 25,000?

Kwa hiyo:

1. Andika kitu kilivyo. Pete ya bei ya chini yenye jiwe jeupe linalong'aa mara nyingi ni zirkonia, jiwe la kiwandani. Andika "zirkonia". Huna uhakika? Andika "jiwe la urembo".

2. Kuna almasi za maabara. Hizo ni almasi kweli, ila hazikuchimbwa. Mteja aambiwe kabla hajalipa.

3. Usichanganye karati. Kwenye almasi ni uzito, kwenye dhahabu ni usafi.

4. Mtu akikufuata inbox na almasi ghafi "ya bei poa", achana naye. Kuuza au kununua bila leseni ni kosa, na ndiyo maana tangu 2019 serikali imefungua masoko ya madini mikoani. Na mara nyingi ni kioo tu.

Pete zilizobaki niliziposti upya: "Zirkonia, siyo almasi, inang'aa vizuri." Zikaisha zote kwa bei ileile. Kumbe uongo wala haukuhitajika.

Ila yule kaka wa Makambako hajanunua kwangu tena mpaka leo.

Kabla hujaposti mzigo wako leo, jiulize: hili neno nimelihakiki, au nimelinakili tu kwenye boksi?