Zaatari mbili za Ethiopia, na kwa nini jina la mmea ni suala la afya

Kwenye nyanda za juu za Ethiopia, kuanzia takriban mita 2,200 hadi karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, huota mmea mfupi wenye maua ya waridi ambao Waamhari huuita tosign. Ni zaatari ya mwituni, jamaa wa karibu wa ile ambayo wapishi wengi mijini huiita thaimu. Wenyeji huutia kwenye chai, kwenye mchuzi wa shiro na kwenye viungo vya berbere. Wengine huunywa kama dawa ya kikohozi na ya shinikizo la damu.

Sokoni jina ni hilo moja, lakini wataalamu wa mimea wanatambua spishi mbili. Thymus schimperi ina jina la Wilhelm Schimper, Mjerumani aliyefika Ethiopia mwaka 1837, akakusanya mimea huko kwa miaka mingi na kufariki Adwa mwaka 1878. Thymus serrulatus imepewa jina lake kwa vijimeno vidogo vilivyo ukingoni mwa jani. Ya kwanza hupatikana hadi milima ya Bale, kusini mashariki; ya pili iko zaidi kaskazini, Tigray ikiwemo. Ndugu zao wengi wako mbali sana: jenasi ya Thymus, iliyowekwa rasmi na Carl Linnaeus mwaka 1753, ina spishi zaidi ya 200, na kitovu chake ni nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania.

Kuzipanga spishi hizo ni kazi ngumu. Zaatari huzaliana kwa urahisi na kuacha machotara, na idadi ya kromosomu hutofautiana sana kati ya spishi na spishi. Jaakko Jalas, mtaalamu kutoka Ufini, alizigawa katika makundi manane, na mpaka leo watafiti hujadili mipaka yake.

Hata ukishalijua jina, hujamaliza. Karibu na Saint-Martin-de-Londres, kusini mwa Ufaransa, spishi moja tu, Thymus vulgaris, ina aina sita zinazofanana kwa macho lakini zinazotoa mafuta tofauti. Aina zenye timoli na kavakroli, kemikali kali, hutawala miteremko ya mawe yenye joto na ukavu. Bondeni, ambako baridi ya kipupwe hutuama na kuua miche ya aina hizo, hutawala zile zenye mafuta mapole. Jeni na hali ya hewa ndizo zilizochora ramani hiyo. Ethiopia nako mafuta ya tosign hubadilika toka eneo hadi eneo: kwingine kavakroli huzidi, kwingine timoli.

Kwa mgonjwa, hili si jambo dogo. Timoli huua bakteria na kuvu maabarani, na hutumika katika baadhi ya dawa za kusukutulia mdomo. Lakini kuua kijidudu kwenye sahani ya maabara si sawa na kumponya mtu. Kikombe cha chai ya majani ni kinywaji cha kawaida. Mafuta yaliyokenekwa ni makali mno, na kuyanywa ni hatari. Anayetumia vidonge vya shinikizo la damu asiviache kwa sababu ya tosign, na amweleze daktari kwamba anaitumia.

Nami naona chupa iliyoandikwa “zaatari” tu haijamwambia mnunuzi kitu cha kutosha. Iandikwe spishi, mahali ilikovunwa na kemikali inayozidi ndani yake. Mvunaji aliye mlimani naye anahitaji bei inayomlipa kwa kukata matawi ya juu, maana mmea ukishang'olewa na mizizi yake hauchipui tena, na aina ya mahali hapo hupotea pamoja na mafuta yake kabla mtu hajayapima.