Audubon na Wanunuzi wa Ahadi

Katika maktaba chache za Ulaya na Marekani kimehifadhiwa kitabu ambacho mtu mmoja hawezi kukibeba chote. Kina picha 435 za ndege wa Amerika ya Kaskazini, na kila karatasi yake ina urefu wa karibu mita moja na upana wa sentimita 67 hivi. Jina lake ni The Birds of America, yaani Ndege wa Amerika, na mchoraji wake ni John James Audubon. Wapenda ndege husifu picha hizo, nao wana haki. Mimi nataka kueleza habari za fedha zake: jinsi mtu aliyekwisha kufilisika, asiye na tajiri wa kumtunza wala kampuni ya kumpigia chapa, alivyokitoa kitabu hicho kwa muda wa miaka kumi na mmoja kwa kutegemea majina ya watu walioahidi kulipa.

Audubon alizaliwa mwaka 1785 katika Saint-Domingue, nchi ambayo leo yaitwa Haiti, akalelewa Ufaransa, akapelekwa Marekani mwaka 1803. Huko alimwoa Lucy Bakewell. Alijaribu biashara ya duka, kisha kinu cha mvuke katika jimbo la Kentucky, na vyote vikamshinda. Mwaka 1819 alitiwa gerezani kwa ajili ya madeni. Yafaa niseme wazi pia kwamba mtu huyu alikuwa na watumwa, watu wa asili ya Afrika, naye aliwauza alipotaka fedha. Basi msomaji asidhani kwamba namleta hapa kama mtakatifu.

Baada ya kufilisika akatia nia ya kuchora ndege wote wa Amerika, kila mmoja kwa ukubwa wake wa kweli. Hiyo ndiyo sababu ya karatasi kubwa namna ile. Hata hivyo flamingo, ambaye sisi twamjua katika maziwa ya Bonde la Ufa, hakuenea katika karatasi mpaka alipochorwa ameinamisha shingo yake chini. Audubon alizunguka misituni na mitoni, naye Lucy akabaki Louisiana akifundisha watoto wa matajiri, na mshahara wake ndio uliowalisha wana wao wawili. Mwaka 1824 Audubon alikwenda Philadelphia kutafuta wapiga chapa. Wakubwa wa elimu ya ndege mjini humo, waliokuwa wakitetea kitabu cha marehemu Alexander Wilson, walimpinga, na hakuna aliyekubali kuzichonga picha zake. Basi mwaka 1826, akiwa na umri wa miaka 41, akapanda merikebu iliyochukua pamba, akafika Liverpool mwezi wa Julai. Akiba yake ilitokana na mshahara wa mkewe na masomo ya kucheza dansi aliyoyafundisha mwenyewe.

Sasa tueleze njia aliyoitumia, maana ndiyo kiini cha habari hii. Katika Uingereza ilikuwa desturi ya zamani kwa mtunzi asiye na fedha kutoa tangazo la kitabu kabla kitabu hakijakuwapo. Aliyekitaka aliandika jina lake katika daftari. Kitabu kilitolewa vipande vipande, na mnunuzi alilipa kila alipopokea kipande. Audubon alitoa tangazo lake Edinburgh mwezi wa Machi 1827. Kila kipande kingekuwa na picha tano: moja ya ndege mkubwa, moja ya ndege wa kadiri, na tatu za ndege wadogo. Bei ilikuwa ginea mbili, na vipande vitano vingetolewa kila mwaka. Ginea moja ilikuwa shilingi 21 za Kiingereza, kwa hiyo kipande kimoja kilikuwa shilingi 42. Wakati ule mkulima wa kibarua huko Uingereza alipata kama shilingi 10 kwa wiki. Mtu aliyevichukua vipande vyote 87 mpaka mwisho alikuwa amelipa pauni 182 na shilingi 14.

Njia hii yaonekana nzuri, kwa kuwa mtunzi hamwombi mtu ruhusa. Hakuna bwana mkubwa wa kumwambia achore nini, wala mwenye kampuni wa kumpunja. Lakini hebu tuitazame kwa hesabu. Kila picha ilichongwa katika sahani ya shaba na fundi stadi, ikapigwa chapa kwa wino mweusi, kisha kila nakala ikapakwa rangi kwa mkono. Tuseme wamejiandikisha watu 100. Kwa mwaka kila mmoja atalipa ginea 10, jumla ginea 1,000. Wakijitoa watu 30, zitabaki 700. Je, fundi atachonga sehemu saba katika kumi za bata mzinga? La, bata mzinga atachongwa mzima, kwa shaba ile ile na ujira ule ule. Kinachopungua ni karatasi na rangi tu. Ndiyo maana mtunzi wa namna hii haangamizwi na kukosa wanunuzi kabisa, maana huyo huacha mapema akatafuta kazi nyingine. Huangamizwa na wanunuzi wanaopungua kidogo kidogo baada ya yeye kuanza. Siku hizi waandishi na wanamuziki huomba malipo ya kila mwezi kwa njia ya simu, na fundi wa shaba hayupo tena, lakini hesabu hii haikubadilika sana.

Tena fedha ilikuja nyuma ya kazi. Fundi na wapaka rangi walitaka ujira wao kila wiki, naye mnunuzi alilipa baada ya kupokea, kama alilipa. Ilikuwa kama mtu anayejenga nyumba kwa kodi ya vyumba ambavyo bado havijaezekwa.

Shida ilianza mapema. Picha za kwanza zilichongwa Edinburgh na William Lizars, na ya kwanza kabisa ilikuwa ya bata mzinga wa mwituni. Mwaka 1827, Audubon alipokuwa London akitafuta wanunuzi, akapata habari kwamba wapaka rangi wa Lizars wamegoma. Picha kumi tu zilikuwa zimekwisha kuchongwa. Kwa bahati alimwona Robert Havell, fundi wa London, ambaye mwishowe alizifanya zote zilizobaki, na karakana yake ikawa na wapaka rangi wapata hamsini. Lakini Havell naye alitaka kulipwa. Miezi ile Audubon aliamka alfajiri akachora picha za rangi za mafuta, nyingine akizirudia mara nyingi, kisha akazipeleka mwenyewe katika maduka ya London na kuziuza kwa bei yoyote apate fedha ya kumpa Havell. Mtu aliyekuja kuchora ndege wote wa Amerika alikuwa akinakili picha ya fisi-maji mtegoni ili ndege wasikwame.

Halafu ilimpasa kuwa mchuuzi. Kabla ya kwenda London alikuwa na nywele ndefu za mtu wa msituni, ambazo ziliwapendeza watu wa Edinburgh. Rafiki zake wakamshauri azikate, naye akazikata kwa huzuni, hata akaandika habari hiyo katika kitabu chake cha kila siku kama tangazo la msiba. Alikwenda Newcastle, York, Leeds, Manchester, akibisha hodi katika nyumba za wakubwa akiwa na furushi la picha zake kubwa. Mwaka 1828 alikwenda Cambridge na Oxford, kisha Paris. Mtaalamu mashuhuri Georges Cuvier alimsifu hadharani, lakini waliojiandikisha Ufaransa walikuwa wachache. Sifa hazikuwa na uhusiano mkubwa na majina daftarini. Mfalme George wa Nne wa Uingereza alijiandikisha, na jina lake lilisaidia kuwavuta wengine. Hata hivyo nadhani wanunuzi bora hawakuwa wafalme bali mabaraza na vyuo, kama mabunge ya majimbo ya Massachusetts na South Carolina yaliyojiandikisha baadaye. Bunge halifi, wala halihami nyumba, wala warithi wake hawasemi kwamba hawapendi ndege.

Watu binafsi walifanya hayo yote. Twasema ahadi ni deni, lakini hakukuwa na njia rahisi ya kumshtaki bwana mkubwa kwa sababu amechoka na ndege. Wengine walilalamika kwamba rangi zimepakwa vibaya, na mara nyingine walisema kweli, kwa hiyo Audubon akamwandikia Havell barua kali. Wengine walisema picha ndogo ni nyingi mno, au vipande vinachelewa. Wengine walifilisika au wakafa. Kila aliyewahi kukusanya mchango wa chama darasani anajua kwamba jina la kwanza hupatikana kwa furaha na senti ya mwisho kwa kufuatana na mtu mpaka bwenini. Audubon alipita katika miji ile ile mara ya pili akidai malipo, akitafuta wengine wa kujaza nafasi za waliojitoa.

Mzigo huu haukuwa wake peke yake. Lucy aliendelea kufundisha Louisiana, na kwa zaidi ya miaka mitatu hawakuonana. Mwishoni mwa mwaka 1829 Audubon alimfuata, wakaja Uingereza pamoja mwaka uliofuata. Mwana wao Victor alitumwa London mwaka 1832 kusimamia kazi ya Havell na kufuatia madeni, na ndugu yake John akasaidia kuchora. Kitabu huitwa cha mtu mmoja, lakini ilikuwa kazi ya nyumba nzima.

Kuna jambo moja linaloonyesha jinsi alivyohesabu kila senti. Kitabu kile kikubwa hakina maelezo hata kidogo, ni picha na majina tu. Sababu ni sheria ya Uingereza ya wakati ule, iliyodai kila kitabu chenye maandishi kitolewe nakala za bure kwa maktaba 11. Kwa bei ya Audubon, nakala 11 zilikuwa zaidi ya pauni 2,000. Basi akayatoa maelezo mbali, katika vitabu vitano vidogo, kati ya mwaka 1831 na 1839, kwa msaada wa mtaalamu wa Scotland, William MacGillivray.

Je, Audubon alikuwa huru kweli? Wengine watasema alitoka katika utumwa wa tajiri mmoja akaingia katika utumwa wa matajiri mia mbili. Mimi sikubali kabisa. Hakuna mnunuzi hata mmoja aliyeweza kumwamuru achore tai badala ya mbayuwayu. Lakini wote kwa pamoja waliweza kumwekea mpaka. Alikuwa ameahidi vipande 80, yaani picha 400, na wanunuzi walizihesabu. Alipopata ndege wapya kutoka magharibi ya Marekani waliokusanywa na wasafiri wengine, aliongeza vipande saba tu, baada ya manung'uniko. Ukitazama picha za mwisho utaona ndege wa aina nyingi wamebanana katika karatasi moja. Katika picha za kwanza ndege mmoja huwa na mti wake mwenyewe. Msongamano ule haukutokana na uchoraji. Ulitokana na daftari la majina, tena katika miaka ambayo biashara ya Marekani ilianguka vibaya, kuanzia 1837.

Sahani ya mwisho ilimalizika Juni 1838. Gharama yote yakadiriwa kuwa yapata dola 115,000, na nakala kamili hazikufika 200, au zilifika kwa shida. Baada ya miaka kumi na mmoja familia ilibaki na sifa kubwa na faida ndogo sana. Faida ilikuja kwa kitabu kingine. Kati ya mwaka 1840 na 1844 Audubon alitoa huko Philadelphia picha hizo hizo kwa karatasi ndogo, kwa vipande 100, kila kimoja dola moja. Waliojiandikisha walizidi 1,000: si wafalme, bali wafanya biashara, mawakili na madaktari wa miji ya Marekani. Fedha hiyo ndiyo iliyowapatia nyumba na shamba kando ya mto Hudson, karibu na New York.

Audubon alifariki mwaka 1851, na wana wote wawili wakafa kabla ya mama yao. Lucy, akiwa mzee wa miaka zaidi ya sabini, alirudi kufundisha watoto. Mwaka 1863 aliziuza picha za asili zilizochorwa kwa mkono wa mumewe kwa chama cha historia cha New York, kwa dola 4,000. Mwaka 2010 nakala moja ya kile kitabu kikubwa ilinunuliwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 7. Zile sahani za shaba, nyingi ziliuzwa kama chuma chakavu, zikayeyushwa.